Mhudumu Aliyekaa Mezani Kwetu

Nilimkaribisha mara tatu, hilo sikatai. Mjukuu wangu Tarlan alihesabu. Ila kila aliyeisikia habari hii ananiuliza swali lile lile, kama nilikuwa namaanisha, na kila nikijibu nalisikia jibu langu halijakaa sawa.

Ilikuwa Ijumaa, na mvua ya Rasht ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, ile isiyo na haraka. Mwanangu Bahador alikuwa amekuja kutoka Tehran. Akasema, leo hupiki, mama, leo tunakula nje. Mimi sipendi sana kula nje. Nikikaa mgahawani najiona kama nimekwenda nyumbani kwa watu nikasahau kubeba kitu. Lakini yeye alikwishashika funguo za gari, na Tarlan, binti yake, alikuwa amepiga magoti ananifunga viatu. Nikaenda.

Mgahawa wa bwana Sobhani uko karibu na soko la samaki. Mhudumu aliyetupokea alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, masharubu meupe, kizibao cheusi kilichopigwa pasi vizuri. Alichukua mwavuli wangu akaukung'utia nje, si ndani. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaleta mto mdogo akauweka nyuma ya mgongo wangu. Mwanangu niliyemzaa mwenyewe hakuwa ameuona ule mgongo.

"Usichoke, baba," nikamwambia, kama tunavyomwambia kila mtu tunayemkuta kazini.

"Uwe mzima, mama."

"Jina lako nani?"

"Rajab-Ali, mtumishi wako."

"Mama, mwache mtu na kazi zake," akasema Bahador. "Injinia anataka kuagiza."

Injinia ni yeye. Anauza vigae. Ila Rajab-Ali alikuwa amemwita injinia mlangoni, kama wanavyowaita wanaume wote wenye gari safi, na Bahador hakulikataa.

Tuliagiza kebabu chachu ya kwetu, maharage yenye bizari na mayai, biringanya za moshi, na wali. Tarlan akataka soda ya machungwa. Rajab-Ali hakuandika kitu, alirudia yote kwa kichwa, akaondoka. Hapo ndipo nikaona anavyotembea. Alikuwa akipita kati ya meza, mkono wake ukigusa mgongo wa kiti kimoja, halafu kingine, halafu kingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Aliporudi na mkate nikamwambia, "Baba, miguu inakuuma. Si ukae kidogo hapo pembeni?"

Akacheka bila sauti. "Mama, hapa anayekaa anakwenda kukaa kwao moja kwa moja. Mwezi uliopita Yadollah, miaka tisa yuko hapa, alikaa juu ya gunia la mchele pale mlango wa jikoni. Mteja akamwona, akalalamika. Jioni Yadollah akapewa koti lake."

"Kwa kukaa tu?"

"Kwa kukaa tu. Na mimi nina binti wa mwisho, anaolewa vuli hii. Mpaka siku hiyo miguu hii ni mali ya bwana Sobhani. Baada ya hapo nitaichukua mwenyewe."

Akaweka mkate upande wangu, ule wa juu ambao bado ulikuwa moto, akaenda.

Bahador alitaka chumvi. Badala ya kungoja akafanya "psst, psst" kwa mdomo.

"Baba, yule si paka," akasema Tarlan.

"Wote wanaitwa hivyo."

"Mbona mimi siitwi hivyo?"

"Wewe huitiki hata kwa jina."

Chakula kilikuja. Sasa hapa nieleze nilichofanya, maana ndiko matatizo yalikoanzia. Mtu akisimama karibu yako nawe unakula, unamkaribisha. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo tulivyo sote. Nimemkaribisha fundi wa gesi, nimemkaribisha msoma mita, nimewakaribisha abiria nisiowajua kwenye basi la Anzali, mimi na yai langu moja la kuchemsha. Nao husema ahsante, kula kwa raha, mkono wako usiumwe. Unasema mara ya pili, wanakataa mara ya pili. Basi. Umeonyesha kwamba hukuuficha mkate wako, naye ameonyesha kwamba hakuutamani, kila mtu anaendelea na safari yake. Katika miaka sabini na mbili hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa.

Rajab-Ali akaweka kebabu. "Karibu, baba, ule nasi."

"Ahsante, mama. Kula kwa raha."

Akamimina maji. "Basi hata tonge moja."

"Nimeshiba, mama. Mkono wako usiumwe."

Akarudi na sinia la wali. Akaliweka, lakini hakuondoka. Alisimama ameshika mgongo wa kile kiti cha nne, kilichokuwa kitupu. Nje kulikuwa na baridi, na hata ndani tulikuwa na masweta, ila juu ya masharubu yake palikuwa na jasho. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema:

"Kwa uhai wa Bahador, kaa ule nasi."

Na yeye akakivuta kiti, akakaa.

Kijiko cha Bahador kilikuwa kimefika nusu ya njia, kikabaki pale. Tarlan akafumba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa na tabasamu langu lile la kukaribishia, bado liko usoni, na sikujua nilipeleke wapi.

Rajab-Ali alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekwenda kutoa pole msibani. Hakugusa kitu.

"Samahani, mama," akasema polepole. "Umesema mara tatu."

"Nimesema," nikajibu. Ningejibu nini?

Bahador akaniinamia sikioni. "Mama, umefanya nini?"

"Sijui. Nilichofanya siku zote."

"Sasa mwambie ainuke."

"Nimwambieje? Mwambie wewe."

"Mimi sikumkaribisha!"

"Labda wanatupiga picha," Tarlan akanong'ona. "Wale wa kwenye simu, wanaochekesha watu." Akatazama darini kutafuta kamera.

Bahador naye akatazama. Mimi pia nikatazama, Mungu anisamehe. Kulikuwa na taa tu.

Kwenye meza ya jirani alikaa mama mmoja mwenye mtandio wa kijani. Naye hakuwa ameelewa kitu. Akaona kizibao cheusi, akanyoosha mkono. "Bwana, mkate kidogo."

Rajab-Ali akashika ukingo wa meza ili ainuke. Hakuinuka. Akajaribu tena. Nikauona mkono wake unavyotetemeka, hata vijiko vikalia. Yule mama bado amenyoosha mkono. Ndipo mwanangu Bahador, sijui kwa aibu au kwa hasira, akainuka yeye, akachukua mkate wetu, akampelekea.

"Ahsante, kijana," akasema yule mama. "Na ndimu, ukipata nafasi."

Bahador akasimama katikati ya ukumbi, amevaa koti lake la Tehran, hajui aende mbele au arudi.

Wakati huo bwana Sobhani alikuwa ameshatoka kwenye kaunta. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya chini, anatembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alituinamia mimi na Tarlan, kisha bila kumtazama mhudumu wake akasema, "Rajab-Ali. Inuka."

Rajab-Ali hakuinuka. Alikuwa anautazama ule wali.

"Mama yangu mheshimiwa," Sobhani akanigeukia, "niwie radhi. Huyu amevuka mpaka. Wewe ulitamka maneno ya adabu, kama mtu mwenye malezi, naye akajifanya haelewi. Siyo? Yalikuwa maneno ya adabu tu?"

Alikuwa ananisaidia, au ndivyo alivyodhani. Nilichotakiwa ni kusema ndiyo. Neno moja, na chakula kingeendelea, na mwanangu angerudi kukaa, na koti la Rajab-Ali lingetolewa kwenye msumari. Nilimfikiria yule binti wa vuli nisiyemjua. Lakini pia nisiseme uongo. Nilitafuta ndani yangu, kwa dhati kabisa, kama mtu anavyotafuta miwani: hivi nilitaka akae? Sikutaka. Hivi sikutaka akae? Nalo hilo si kweli, maana nilipouona ule mkono kwenye kiti roho yangu ilikaa kabla yake. Sikupata jibu.

Aliyeniokoa ni Bahador. Alikuwa amerudi, akasimama nyuma ya Sobhani, uso umembadilika rangi.

"Mama," akasema, "uliapa kwa uhai wangu au hukuapa?"

"Niliapa."

"Bure tu? Uliuapia uhai wangu hivi hivi, kama unafukuza nzi?"

Na hapo, nashukuru, mambo yakawa mepesi. Mtu hawezi kuuapia uhai wa mwanawe kisha akasema nilikuwa natania.

"Bwana Sobhani," nikasema, "huyu ni mgeni wangu. Nimemkaribisha, naye amekubali. Kwenu mgeni anainuliwa mezani?"

"Hasha, mama."

"Basi."

Akautazama ukumbi. "Lakini mama, wateja wanaona."

"Waone. Na wewe karibu. Kaa, chakula kipo."

"Ahsante sana, nimeshiba."

"Tonge moja tu, tafadhali."

"Mkono wako usiumwe, mama, kweli nimeshiba."

Nikavuta pumzi niseme tena. Sobhani akainua mikono yote miwili juu, kama anayezuia gari. "Usiape, mama! Nakuomba usiape." Akarudi nyuma hatua mbili. "Ale. Ni mgeni wako, ale. Akimaliza, mimi na yeye tutaongea." Akaenda zake, na nikaona kwamba hilo la mwisho alilisema akimtazama Rajab-Ali, si mimi.

Tarlan ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa anaitazama ile mikono. Akaisukuma soda yake ya machungwa mbele ya Rajab-Ali, akaushika mkono wake akauweka kwenye chupa. Alikunywa yote bila kupumzika. Kisha akafunga macho.

"Una sukari, amu?" Tarlan akauliza.

"Ninayo. Asubuhi nilijichoma sindano, halafu sikupata nafasi ya kula, ikashuka. Ijumaa sisi tunakula saa kumi, wageni wakiisha."

"Saa kumi jioni!"

"Siku nyingine saa kumi na moja." Akafungua macho, akanitazama kwa aibu. "Mama, nilikuwa naanguka. Ningeanguka na trei juu ya watu. Nikasikia mtu anasema kaa."

"Kwa hiyo ulikaa kwa sababu mama alikukaribisha," Bahador akasema, "au kwa sababu ulikuwa unaanguka?"

Rajab-Ali aliwaza kweli kweli. "Sijui, injinia. Nadhani vyote viwili. Mama asingesema, ningeanguka. Lakini asingesema mara ya tatu, nisingekaa."

Basi tulikuwa wawili tusiojua.

Nikampakulia. Alikula kwa adabu ambayo siku hizi huioni: mkate kwanza, vipande vidogo, kebabu kubwa akaiacha upande wa Tarlan. Ila macho yake hayakutulia. Yalikuwa yakizunguka ukumbini. "Meza ya dirishani wanataka chai," akasema mdomo umejaa, akajifuta. "Samahani. Yule mzee pale kijiko kimemdondoka."

Bahador akainuka akampelekea mzee kijiko. Tarlan akapeleka chai. Sikuwaambia mimi. Wahudumu wengine wawili walikuwa wanatupita, wanatutazama kama watu wanaoona nyumba inaungua, hawajui wakimbilie maji au wakimbie. Mara kutoka meza ya mlangoni mtu akafanya "psst!" na Bahador akageuka kwa ukali. "Nani unamwita hivyo?" Yule mtu akabaki ameduwaa. Alikuwa ameshamwona mwanangu akibeba mkate na kijiko. Alidhani nini tena?

"Mimi ni mteja!" Bahador akasema.

"Basi niitie asiye mteja," akajibu yule mtu, na watu wakacheka, na Bahador akaniangalia kana kwamba yote hayo nimeyapika mimi.

Tulipomaliza ikaja bili. Imeandikwa watu wanne, na chini yake imeongezwa asilimia kumi ya huduma. Bahador alilipa bila kubishana. Kisha akatoa noti, kama anavyofanya siku zote, aiache mezani iwe bakshishi. Rajab-Ali akaweka kiganja juu yake.

"Hapana, injinia. Nimekula chumvi yenu."

"Chukua, bwana, ni haki yako."

"Mhudumu huchukua. Mgeni hachukui."

Na alikuwa sawa. Umemkalisha mtu mezani kwako, utampaje bakshishi anapoinuka? Nikaona nilichofanya. Kwa Ijumaa kama ile, yeye husubiri hizo noti za mezani kuliko mshahara, naye mwenyewe alikuwa anairudisha kwa mkono wake kwa sababu ya kebabu yangu. Nikamuuliza, "Na hii asilimia kumi?"

"Hiyo, mama, naiona kwenye karatasi tu, kama wewe unavyoiona."

Nikachukua bili nikaenda kaunta mwenyewe, nikimshika Tarlan bega. Rajab-Ali akatufuata, sasa anatembea bila kushika viti.

"Bwana Sobhani, nisaidie, mimi ni mzee, sielewi. Hapa mmeandika huduma kwa watu wanne. Huyu wa nne, nani alimhudumia?"

Sobhani akamtazama Rajab-Ali. Akamtazama Bahador. "Mama, hiyo ni kawaida tu ya mahali."

"Kwa hiyo ni ya mwanangu? Maana ndiye aliyebeba mkate."

"Si ya mwanao, mama."

"Ni ya nani?"

Mtu wa kaunta akaanza kupanga kalamu. Nilikuwa nauliza kwa sababu kweli sikujua, ila naona ukiuliza kitu usichokijua mbele ya watu wanaokijua, huonekana kama umewakamata. Yule mama wa mtandio wa kijani alikuwa nyuma yetu anangoja kulipa. Akasema, "Hata mimi ningependa kujua. Na yule bwana ni mzima? Nilimwita aniletee mkate, kumbe mgonjwa. Nimeona aibu." Kisha akafungua mkoba, akatoa tende mbili kwenye karatasi, akampa Rajab-Ali. "Weka mfukoni. Mume wangu naye ana hiyo hiyo."

Sobhani akajikuna shingo. "Mama zangu, nikimwacha huyu, kesho wote watakaa."

"Na wakikaa?" nikauliza.

Hilo pia niliuliza kwa kutojua. Nilidhani kuna jambo, sheria ya manispaa labda. "Haipendezi," akasema Sobhani.

"Akianguka itapendeza?" akasema Tarlan. Nikamfinya mkono, maana Sobhani ni mtu mzima. Lakini sikumfinya sana.

Sobhani akavuta pumzi ndefu. "Leo huyu ni mgeni. Sifukuzi mgeni. Rajab-Ali, nenda nyumbani, umekula, ukalale. Kesho uje, kesho utakuwa mhudumu, na nitajua la kufanya."

Hakuna aliyejua maana yake. Njiani Bahador alisema keshafukuzwa. Tarlan alisema hajafukuzwa. Rajab-Ali alikuwa ametuaga mlangoni, akaniletea mwavuli wangu, ukiwa umekauka. Usiku ule nilisali nikachanganya rakaa.

Jumamosi saa tano na nusu nikaenda peke yangu. Nilimwambia Bahador nakwenda kununua samaki. Mgahawa ulikuwa haujajaa. Kupitia mlango wa jikoni niliwaona wahudumu watatu wanakula mkate na mayai, sahani wameziweka juu ya friza. Walikuwa wanakula wamesimama. Mmoja wao ana masharubu meupe.

Nikamuuliza mtu wa kaunta. Akanong'ona, "Amri mpya, bibi. Wote lazima wale kabla ya saa sita. Asiyekula hagusi trei."

"Na kukaa?"

"Kukaa bado marufuku."

"Kwa nini?"

Akainua mabega. "Amesema jambo moja moja."

Nilikaa mezani nikaagiza chai. Rajab-Ali akaja, akaniona, akaweka mkono kifuani. Tulisalimiana kama ndugu. Nikamuuliza hali ya binti, akasema kitambaa kimepatikana. Nikanywa chai, nikaikawiza makusudi, maana nilikuwa na noti ya kumpa mfukoni, badala ya ile aliyoikataa, na sikujua nifanyeje. Mtu akiwa mgeni wako Ijumaa, Jumamosi bado ni mgeni? Anaacha kuwa mgeni saa ngapi? Mama yangu alinifundisha mengi ya mezani, hilo hakunifundisha.

"Rajab-Ali," nikasema alipokuja kutoa vikombe, "leo wewe ni nani kwangu?"

"Wallahi sijui, mama."

"Ukikataa bakshishi leo, utakuwa unakataa kweli au kwa adabu?"

Akacheka, mpaka masharubu yakatikisika. "Nikikataa, nitakataa vizuri sana. Hata mimi sitajua."

Alikuwa ameshainua trei, vikombe sita juu yake na birika, kutoka meza yangu na ya jirani. Nikasimama, nikaikunja ile noti mara mbili, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa kizibao chake. Akasema hapana mama, hapana, nakuomba. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye trei, na hakuharakisha kuiweka chini.